Sarafu ya Kizingiti

Nani alikuambia kwamba upo?

Usinijibu haraka. Utasema una jina, na jina ni pumzi tu ya kinywa cha mtu mwingine. Utasema una kivuli. Hata kichuguu kina kivuli. Utasema una mama, nami nitakuuliza, mama yako naye aliambiwa na nani? Swali hili sikulitunga mimi. Lilipigiwa mbiu mjini kwetu asubuhi moja iliyochelewa kufika. Mpiga mbiu alipita mtaa kwa mtaa na pembe yake, akipuliza, akitema mate, akisema: "Baraza la Udongo linauliza! Kila nyumba ithibitishe kwamba ilikuwapo! Nyumba isiyo na sarafu chini ya kizingiti imejengwa jana, wenyewe ni wapita njia, na itabomolewa!" Akapuliza tena. Mbuzi wakamjibu.

Mji wetu hauna jina. Waliokuwa nalo walihama nalo. Na saa zetu hazifuatani kwa adabu kama ng'ombe wanaoshuka mtoni. Husukumana mlangoni, yenye mabavu ikatangulia. Kuna siku mchana huingia asubuhi ikiwa bado inapiga miayo. Watu nao hawatulii katika umri wao. Shangazi yangu Masika, aliyenilea, kwa kawaida ni mwanamke mzima mwenye sauti ya kuuamrisha moto uwake. Lakini huzuni ikimpata hupungua, hupungua, mpaka akawa kibinti, nami humkalisha katikati ya magoti yangu nikamsuka nywele hadi arudi. Hatushangai. Watu wasiojua walianza lini, umri wao hukosa pa kujishikiza.

Ila desturi tulikuwa nayo moja, na hatukuipenda wala kuichukia, tuliifanya tu. Fundi hasimamishi mlango kabla mwenye nyumba hajalaza sarafu chini ya kizingiti, uso ukitazama juu, ili kila aingiaye aonwe. Aonwe na nani? Hatukuuliza. Sarafu ile hainunui kitu tena. Imestaafu kazi ya sokoni, imepewa kazi ya kutazama nyayo. Walioilaza wakafa. Waliozaliwa juu yake wakasahau kuwa ipo, kama mtu anavyosahau kuwa ana ini, mpaka limwume.

Ndiyo maana siku ya mbiu mji mzima uligeuka ukawatafuta watu ambao siku zote uliwacheka. Sisi, Wasikilizaji.

Umeshawahi kutuona, bila shaka. Ni wale watu wanaotembea mashambani Ijumaa baada ya mavuno, hedifoni masikioni, mkononi fimbo ndefu yenye sahani mwishoni, wakiipeperusha juu ya ardhi kushoto na kulia kama wanaoifukuzia inzi. Ile fimbo ni detekta. Madini yakiwa chini, hulia. Chuma hukoroma, bati hupiga kelele za kitoto, shaba huita kwa sauti ya mtu anayekujua. Tulikuwa watatu: Ngwali fundi baiskeli, Siwema mshonaji, na mimi, Mwatime, ambaye wakati huo sikuwa na kazi yoyote isipokuwa maneno. Hatukutafuta utajiri. Nani angetajirika kwa senti zilizokwisha kufa? Tulitafuta kile kitambo kidogo ambapo kidole kinaondoa udongo na uso wa mtu unakutazama kutoka chini, baada ya kukaa gizani bila kumtazama yeyote.

Kila mmoja alikuwa na sarafu yake ya kusimulia, na kila tulipokutana kwenye kibanda cha Ngwali ilibidi zisimuliwe upya, kama marehemu anavyosomewa hitima kila mwaka.

"Detekta inalia juu ya shina la muhogo," Ngwali alianza siku ya mbiu, ingawa hakuna aliyemwomba. "Nikang'oa muhogo, nikauweka kando, nikachimba. Shimo kimya. Nikachimba tena. Kimya! Nikasema, mashine imelogwa. Kupitisha sahani kando, juu ya muhogo wenyewe, uuuuwi! Sarafu imo ndani ya mzizi. Muhogo umekua ukaimeza."

"Halafu ukaula," Siwema akasema.

"Ningeutupa? Muhogo ule ulikuwa ndugu."

"Ndugu huliwa?"

"Kwenu hawaliwi?"

Siwema alicheka mpaka sindano ikamtoka mdomoni. Yake yeye ilikuwa ya fedha, nayo hakuichimba. Aliiona juu ya kichuguu, imekaa wima kwenye udongo mbichi. Mchwa walikuwa wameibeba kutoka chini, punje kwa punje ya udongo, kwa miaka isiyojulikana, wakiisukuma juu kama watu wanaotoa msiba nje. "Mimi nina vibarua," alipenda kusema. "Nyinyi chimbeni." Na yangu ilikuwa sarafu ndogo iliyotobolewa tundu, niliyoipata kwenye njia ya zamani ya kisima. Ilikuwa imevaliwa shingoni na mtoto. Uzi ukakatika. Tangu siku hiyo kila mtoto anayelia njiani namtazama shingo.

Tulikuwa na mwiko mmoja tu: sarafu haisuguliwi. Mgeni katika kazi hii hudhani kutu ni adui, akakimbilia maji na mchanga, na akishaisugua huiua. Shaba iliyolala sana ardhini hujivua. Uso wake, maandishi yake, taji au kilemba au chochote kilichochorwa, huhama polepole kutoka kwenye shaba na kwenda kukaa kwenye kutu. Chini ya kutu hakuna kitu tena. Ni shaba tupu, imetobokatoboka, haina habari. Fikiri hapo, wewe unayesoma. Fikiri kitu ambacho uso wake ndio uchafu wake. Ukikisafisha hubaki na kitu safi, kizima, kinachong'aa, ambacho si chochote.

Nimewaza sana juu ya jambo hili, na kila nikiwaza naishia kwa watu.

Tulipofika kwa shangazi siku ile, tulimkuta ameshafagia ua, amenyunyiza maji, amevaa kanga mpya. Nyumba yake ilikuwa imesimama pale kabla ya kumbukumbu; udongo wa kuta zake ulikuwa na alama za viganja vya watu ambao hakuna aliyewajua. Ndani ya nyumba ile alizaliwa, ndani yake alifiwa, na pale nyuma, kwenye mchongoma, walikuwa wamelala wote aliowazika. Hilo ndilo lililokuwa hatarini. Nyumba ikihesabiwa kuwa ya jana, na makaburi yake nayo ni ya jana, na tingatinga halijui kupita kando.

Ngwali akapitisha sahani juu ya kizingiti. Kimya. Akairudisha. Sauti ikaja, nyororo, kama mtu anayeitika kutoka chumba cha tatu.

"Ipo," akasema, na macho yakamlowa, akajifanya anafuta jasho.

Siwema alipiga magoti, akaondoa udongo kwa kidole, kisha kwa brashi laini ya kupodolea kope. Ikatokea duara ya kijani iliyoiva, nyeusi pembeni, yenye magamba. Hakuinyanyua. Alipuliza tu. Tukainama wote, vichwa vikagongana, na katikati ya kutu tukauona uso, ukitazama upande, na maandishi yakiuzunguka.

"Ni sultani," akasema Ngwali.

"Sultani gani ana hereni? Ni mwanamke, amejifunga kilemba," akasema Siwema.

Mimi niliona uso wangu, ila umezeeka na umesamehe.

Shangazi akainama mwisho. Alitazama kwa muda mrefu. "Bibi," akasema kwa sauti ya mtoto. Kisha akajirudi, akasimama wima, na sauti yake ya kawaida ikarudi pamoja naye. "Lakini mbona imekaa hivi? Imefanana na mavi ya mbuzi."

"Ndivyo inavyotakiwa, shangazi."

"Itakiwe hivi na nani?"

"Na Baraza. Mkaguzi akija ataisoma uso, ataangalia ilivyolala, ataona kutu. Kutu ndiyo umri wake. Tunaifunika kwa udongo wake huu huu. Isiguswe."

"Nani aiguse? Mwizi?"

"Yeyote, shangazi. Hata wewe."

"Eti hata mimi!" Akageuka kwa Siwema. "Unamsikia huyu? Nilimpokea kwenye hii mikono akiwa na damu na mchanga, kama kitu kilichookotwa. Leo ananiambia nisiguse kizingiti changu."

"Msomi huyo, shangazi," Siwema akasema. "Tumvumilie."

Tukacheka. Tuliifunika sarafu tukicheka. Jua lilikuwa juu, halafu likawa chini, halafu likawa juu tena, na siku ya ukaguzi ikawa imefika bila kubisha hodi.

Asubuhi hiyo nilikwenda kuwaita wenzangu wawe mashahidi. Safari fupi tu, ya kwenda na kurudi. Ndani ya kwenda na kurudi huko dunia nzima inatosha.

Sikuwapo. Lakini katika mji wetu mtu huweza kuona asipokuwapo, ilimradi ajute vya kutosha. Namwona shangazi. Ameshachinja kuku. Ameshakuna nazi. Wageni wanakuja, si wageni wa kawaida, ni Baraza. Amefagia mara mbili. Amepiga deki mpaka kizingitini, na hapo mkono unasita. Anajua kilicho chini. Anajua kilivyo. Wataingia watu wakubwa katika nyumba yake, watafukua mbele ya macho ya mtaa mzima, na kitakachotoka, kitu pekee cha ukoo wake kitakachotazamwa na wakubwa, kitatoka na tope usoni. Bibi yake. Na tope usoni.

Ndimu. Jivu la jikoni. Kitambaa cha kanga kuukuu.

Namwona akiitoa kwa vidole viwili, kwa heshima. Namsikia akizungumza nayo. Subiri, mama. Subiri, yanaingia machoni, eeh? Kidogo tu. Jivu. Ndimu. Tena. Utoke upendeze. Nao wakuone kwamba una watu. Usije ukasema nilikutoa hivyo hivyo. Anasugua kama alivyonisugua mimi nyuma ya masikio siku za kwenda shule. Kama mama yake alivyomsugua yeye siku za kupelekwa mbele ya bwana. Kama mama wa mama yake alivyosuguliwa, na mchanga, kabla ya kusimamishwa mahali pa kutazamwa. Huo ndio urithi wetu. Tumefundishwa na kila mwenye nguvu kwamba mbele yake mtu huenda safi. Tukaoga. Tukakata kucha. Tukasugua ndimi zetu zisitoe harufu ya kwetu. Sasa wenye nguvu wameketi tena, na safari hii wanatuambia: tuonyesheni uchafu wenu, maana bila huo hatuwezi kuamini kwamba mliwahi kuwapo.

Niliporudi na Ngwali na Siwema, Mkaguzi alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa kijana mnene mwenye heshima zake. Alivua viatu uani, akawaamkia wazee mmoja mmoja. Sikumchukia, na hilo ndilo linaloniuma. Mtu wa kuchukiwa angenirahisishia kazi.

"Shikamoo, shangazi," alimwambia mwenye nyumba.

"Marahaba, baba. Karibu. Karibu sana. Kizingiti hicho hapo, kinakusubiri."

Mtaa ulijaa. Mkaguzi alichuchumaa, akaondoa udongo. Akasita. Akaingiza vidole, akatoa kitu kilichopiga mwanga mpaka paka akaruka.

Ngwali alishika kichwa. Siwema alisema neno moja tu, "Ala!"

Kilikuwa chekundu, kimelainika, kinang'aa kama mgongo wa kijiko kipya. Hakikuwa na kilemba wala hereni. Hakikuwa na herufi hata moja. Shangazi alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, uso umejaa ile furaha ya mzazi ambaye mwanawe ameitwa jukwaani.

"Nimekuoshea, baba," akasema.

"Nimeona, shangazi." Mkaguzi alikigeuza upande mmoja, akakigeuza upande wa pili. "Sheria inataka uso. Sarafu ya kizingiti iwe na uso wa mwenyewe."

"Shangazi," nikasema. "Tulisema isiguswe."

"Sikuigusa, Mwati. Nimeiosha. Maiti huoshwa, umewahi kumsikia mtu anasema maiti ameguswa?"

Kuna mtu alicheka nyuma, akanyamazishwa.

Mkaguzi aliinua sarafu karibu na macho yake. Alikaa hivyo kwa muda, akitafuta kwa uaminifu, naapa kwa uaminifu, na jua likaingia kwenye shaba likarudi kwenye mashavu yake. Kisha akasema taratibu, kama mtu aliyeshtuka mwenyewe:

"Uso upo. Nauona. Ni wangu."

"Kila atakayeitazama atajiona!" Siwema akapiga kelele. "Ni kioo tu hicho! Nipe mimi nitazame!"

"Bila shaka, dada. Lakini mimi ndiye niliyetumwa kutazama."

Hapo ndipo nilipoijua serikali. Si bunduki, si muhuri. Ni haki ya kushika kitu kilichofutwa na kuwa wa kwanza kujiona ndani yake.

Shangazi alianza kupungua. Niliona kanga ikimzidi mabegani, nikaona shingo ikiwa nyembamba. Alikuwa hajaelewa bado, au alikuwa ameelewa upande mmoja tu. "Haikupendeza?" aliniuliza mimi, si Mkaguzi. "Mwati, haikupendeza?" Alitoa mikono nyuma ya mgongo ili anishike.

Ngwali ndiye aliyeona. "Mikono!" akasema. "Bwana Mkaguzi, tazama mikono yake!"

Ilikuwa ya kijani. Kijani kilichoiva, cheusi pembeni, kimeingia katika mistari ya viganja, chini ya kucha, kwenye nyufa za vidole vya mtu aliyepika maisha yake yote. Kutu yote ilikuwa pale. Na niliposhika kiganja cha kulia nikakigeuza kuelekea kwenye mwanga, nikaona, wallahi niliona, mstari wa kilemba, na nukta ya hereni, na zile herufi zikizunguka chini ya kidole gumba, zimegeuzwa nyuma mbele kama muhuri. Uso ulikuwa umehama tena. Ulitoka kwenye shaba ukaenda kwenye kutu. Ukatoka kwenye kutu ukaja kwa shangazi. Haukuwa umekufa. Ulikuwa umepata nyumba.

"Tazama," nikamwambia Mkaguzi. "Umri wake huu hapa. Uso wake huu hapa. Hakuna sarafu ya jana inayoacha hivi."

Alitazama kutoka pale alipokuwa. Aliona kitu, nadhani. Vidole vyake viliiachia sarafu ikatumbukia mfukoni mwake. Kisha harufu ya kuku na nazi ikapita katikati yetu, na tumbo la Mkaguzi likanguruma kwa sauti. Watu wakacheka, naye akacheka, kwa aibu, kama kijana wa mtu.

"Nimetoka mbali, shangazi," akasema. "Tule kwanza. Nikishakula nitaitazama mikono vizuri, niandike nitakachokiona. Nakuahidi."

Nilimwamini. Bado namwamini.

Na neno kula lilimrudisha shangazi. Kanga ikamkaa. Sauti ikapanda. "Ewe, wageni wamesimama juani! Siwema, tandika mkeka. Ngwali, lete sinia, ile kubwa. Mwati, birika na beseni."

"Shangazi, kaa. Mimi nitapakua," nikasema.

"Upakue wewe?"

"Leo tu. Wewe usishike maji. Mpaka atazame."

Akanitazama kama aliyetukanwa. "Mwatime. Mgeni wa Baraza yumo ndani ya nyumba yangu. Nyumba yenyewe sijui kama kesho ninayo. Nimlishe kwa mkono wa mtu mwingine? Au nimpakulie kwa huu?" Akaviinua viganja mbele ya uso wangu, na bibi akanitazama kutoka ndani yake, upande, akiwa amesamehe. "Akale kutu? Akaseme kwa nani kwamba alikula kwa Masika akatoka salama?"

"Tafadhali."

"Mtu hafi kwa kukosa nyumba. Mtu hufa kwa kusemwa."

Siwema alisema, "Shangazi, tunakuomba." Ngwali aliweka sinia chini, akaenda kusimama ukutani, akaupa ukuta uso wake. Mkaguzi alikuwa ameketi mkekani, miguu ameikunja kwa adabu, anangoja. Nilikuwa nimeshika birika. Lilikuwa zito, vuguvugu, na mdomo wake ulikuwa umeelekea tayari pale unapoelekea siku zote. Hakuna mtoto katika mji ule, katika umri wowote atakaojikuta ndani yake, aliyewahi kumnyima maji mkubwa wake aliyenyoosha mikono juu ya beseni.

Akanyoosha mikono juu ya beseni.

"Mimina, mwanangu."

Nikamimina. Yalishuka ya kijani, yakashuka meusi, kisha yakashuka maji.